Uzi: Gemu za K-1 na paja lisilopona kati ya pambano moja na jingine

#1 KonaNyekundu

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kila tunapojadili gemu za mapigano, mazungumzo huishia kwenye Tekken, Street Fighter na Mortal Kombat, na ni mara chache mtu hutaja tawi dogo la gemu zilizojengwa juu ya mchezo halisi wa kulipwa wa ngumi na mateke, yaani kickboxing. Hapa ninazungumzia hasa gemu za K-1, mashindano ya kickboxing yaliyoanzia Japani. Kampuni ya Xing ya Japani ilizitoa kwenye PlayStation ya kwanza katika miaka ya 1990, na baadhi zikauzwa Marekani kwa majina ya K-1 The Arena Fighters na K-1 Revenge. Baadaye Konami ilipokea kijiti kwenye PlayStation 2 kwa K-1 World Grand Prix, na ikatengeneza pia toleo dogo la Game Boy Advance.

Hoja yangu ni hii: gemu ya kickboxing haipimwi kwa wingi wa wapiganaji wala kwa uzuri wa sura zao kwenye skrini, bali kwa namna inavyohesabu maumivu ya mguu, na namna inavyoyabeba maumivu hayo kutoka robo fainali hadi fainali. Gemu inayosahau jambo hilo inabaki gemu ya kawaida ya mapigano ambayo wahusika wake wamevalishwa kaptula na glovu.

Kwa wasioifahamu, K-1 ilianzishwa na Kazuyoshi Ishii, mwalimu wa karate wa Kijapani aliyeasisi mtindo wa Seidokaikan, na mashindano yake makuu ya kwanza yalifanyika Tokyo, katika ukumbi wa Yoyogi, tarehe 30 Aprili 1993. Wapiganaji 8 wa mitindo tofauti waliingizwa kwenye mtoano wa usiku mmoja, kwa hiyo aliyetaka ubingwa alilazimika kushinda mapambano 3 kabla ya watazamaji kurudi nyumbani. Mwaka ule taji lilikwenda kwa Branko Cikatić wa Kroatia, aliyekuwa na umri wa miaka 38, baada ya kumwangusha Ernesto Hoost wa Uholanzi kwa KO, yaani pigo lililomlaza asiweze kuendelea, katika raundi ya kwanza ya fainali. Mpangilio huo wa usiku mmoja ndio uliotofautisha K-1 na ndondi tulizozoea, ambapo bondia hupigana mara moja na kisha kupumzika kwa miezi kadhaa.

Naomba tuitazame kwa karibu fainali ya mwaka 1996, Yokohama. Andy Hug wa Uswisi alikuwa ametoka kwenye karate ya Kyokushin, na wengi walimjua kwa teke lake la shoka, ambalo mguu hupandishwa juu ya kichwa cha mpinzani na kisigino kikashushwa kama mtu anayepasua kuni. Mike Bernardo wa Afrika Kusini alikuwa mpiga ngumi mzito aliyekuwa amemshinda Hug mara 2 mwaka 1995. Usiku ule Bernardo alikuwa amekwisha kumwondoa Peter Aerts, bingwa wa miaka 2 mfululizo, na Hug alikuwa ametoka kwenye nusu fainali ndefu dhidi ya Hoost iliyohitaji raundi za nyongeza. Hug hakushindana na Bernardo kwa ngumi. Alilishambulia paja, teke baada ya teke, mpaka Bernardo akaanza kuuburuza mguu, na katika raundi ya pili akazunguka na kupiga teke la nyuma kwa chini, kisigino kikatua kwenye paja lile lile lililokwisha kuumia. Bernardo alianguka na pambano likaishia hapo. Mtu yule aliondolewa ulingoni na mguu, ilhali kichwa chake kilikuwa kizima.

Sasa jiulizeni ni gemu ngapi za mapigano zinazoweza kuonyesha ushindi wa namna hiyo. Katika gemu nyingi kuna mstari mmoja wa uhai juu ya skrini, na kila pigo, liwe la kidevu, la ini au la paja, hukata kipande cha mstari huo huo. Raundi ikiisha, mstari hujazwa. Pambano likiisha, mpiganaji hufika kwa mpinzani anayefuata akiwa mzima kabisa. Kwa hesabu hiyo, teke la paja huwa pigo hafifu la kumsogeza mpinzani tu, na mchezaji mwenye akili hana sababu ya kulitumia. Sanaa nzima ya Hoost na Hug hufutwa na mstari mmoja wa rangi.

Ninachotaka tujadili ni jinsi gemu ya aina hii inavyopaswa kujengwa ili kanuni za mchezo wenyewe ziwe ndizo zinazotoa utamu. Karibuni.

#2 MuundiWaChuma

Mkuu, umegusa jambo ambalo sisi tuliopita kwenye mazoezi ya kickboxing tunalihisi mwilini. Nitaongeza upande wa ufundi.

Teke la paja haliumizi kwa sababu ya nguvu peke yake. Linatua upande wa nje wa paja, juu kidogo ya goti, mahali ambapo msuli mkubwa hubanwa kati ya muundi wa mpigaji na mfupa wa paja wa mpigwaji. Teke la kwanza unalivumilia, na la pili pia. Baada ya kadhaa, msuli hukaza na kuvimba, na hapo mambo matatu huharibika kwa pamoja: huwezi kusogea haraka, huwezi kuupakia uzito mguu wa mbele ili upige ngumi nzito, na huwezi kuunyanyua mguu huo kwa wakati ili ukinge teke linalofuata. Hilo la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu kukinga kwenyewe hufanywa kwa kunyanyua goti na kuupokea mguu wa mpinzani kwenye muundi. Mguu uliochoka haukingi, na usipokinga unazidi kuumia.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa na mtengenezaji wa gemu, ningemwambia kwamba maumivu ya paja yasikate uhai hata kidogo mwanzoni. Yapunguze mwendo, yapunguze uzito wa ngumi ya nyuma, na yacheleweshe kinga. Mchezaji ataona matokeo bila kuonyeshwa mstari wowote, kwa sababu mtu wake atakuwa mzito kwenye padi.

Hoost alishinda taji hilo mara 4, miaka ya 1997, 1999, 2000 na 2002, na silaha yake kubwa ilikuwa mfuatano: ngumi ya kunyoosha usoni, ngumi ya pembeni kwenye ini, kisha teke la paja. Ngumi zilikuwepo ili kuyapandisha na kuyashusha macho na mikono ya mpinzani, na teke lilifika wakati uzito wote wa mpinzani umelala kwenye mguu wa mbele na hauwezi kunyanyuliwa. Gemu inayomruhusu mchezaji kukinga juu na chini kwa kitufe kimoja imeuua mfuatano huo kabla haujaanza.

#3 PadiMkononi

Ndugu KonaNyekundu, hoja yako ni nzuri, lakini naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye vibanda vya gemu na ninawajua wachezaji.

Kijana anayelipia mechi moja kwenye kibanda anataka kucheza mechi kamili. Akipigwa mateke manne ya paja katika nusu dakika ya kwanza na mtu wake akaanza kuchechemea, dakika zinazobaki zitakuwa ni adhabu tu, na mwenzake ataendelea kurudia kitufe kile kile mpaka mwisho. Mstari wa uhai unaojazwa kila raundi uliwekwa kwa sababu ya haki: aliyepoteza raundi ya kwanza anaanza ya pili akiwa sawa na mpinzani wake. Tekken imedumu vibandani kwa sababu hiyo. Kuna pia wepesi wake wa kueleweka, kwa kuwa vitufe 4 vya padi vimegawiwa mikono 2 na miguu 2, na mtoto anaelewa papo hapo.

Uhalisia ukizidi, gemu inabaki na watu wachache wanaoujua mchezo wenyewe, na nadhani hilo ndilo lililozipata gemu za K-1 nje ya Japani. Watu hawakumjua Hug wala Hoost, kwa hiyo leseni ya kutumia majina na sura za wapiganaji halisi haikuwapa kitu.

#4 KonaNyekundu

Ndugu PadiMkononi, nashukuru kwa pingamizi lako, maana linagusa mahali penyewe.

Nakubaliana nawe kwamba anayepoteza lazima awe na njia ya kurudi. Ninachokataa ni kwamba njia hiyo lazima iwe kujaza mstari. Mchezo wenyewe una njia yake, nayo imo kwenye kanuni. Pambano la K-1 ni raundi 3 za dakika 3. Katika mechi za mtoano, kuangushwa mara 2 ndani ya raundi moja kulitosha kumaliza pambano, wakati katika mapambano ya kawaida ilikuwa mara 3. Maana yake ni kwamba mtu anayechechemea, anayepoteza kwa pointi, bado yuko mapigo mawili safi kutoka kwenye ushindi mpaka kengele ya mwisho. Aliye mbele analijua hilo, na kila anaposogea kupiga teke jingine la paja anauweka uso wake kwenye umbali wa ngumi. Bernardo mwenyewe, pamoja na kuumia, alikuwa na ngumi ya kulia iliyokwisha kumlaza Hug kabla. Gemu ikiweka hatari hiyo sawasawa, kurudia kitufe kimoja kutaadhibiwa na mpinzani kwenye padi ya pili, na mtengenezaji hatahitaji kuingilia kati.

Kuhusu kibanda, mechi moja ya watu wawili inaweza kuchezwa kwa kanuni za pambano la kawaida, watu wakaanza wazima na kumaliza. Ninachodai ni kwamba ile sehemu ya mtoano, ambayo ndiyo iliyobeba jina la Grand Prix, iwe na kumbukumbu. Ukishinda robo fainali kwa kupokea mateke, uingie nusu fainali nayo. Hapo mchezaji ataanza kufikiri kama mpiganaji wa K-1: je, nimalize mapema na kujihatarisha, au nishinde kwa pointi na kuingia fainali nikiwa nimechoka? Peter Aerts alilijibu swali hilo mwaka 1998 kwa kuwamaliza wapinzani wote 3 katika raundi ya kwanza, na wa mwisho alikuwa Andy Hug, aliyekutana na teke la kichwa kabla dakika 2 hazijatimia. Aerts alifika fainali akiwa karibu mzima, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake. Katika gemu inayomponya kila mtu, kumaliza mapema hakuna thamani yoyote zaidi ya kuokoa muda.

Na kuhusu kutojulikana kwa Hug na Hoost: watu wengi hawakumjua mhusika yeyote wa Tekken kabla ya kuicheza. Walimjua kwa jinsi anavyopigana. Kama gemu ingemfanya Hoost apigane kama Hoost, jina lake lingefuata lenyewe.

#5 MwanaUlingo

Salaam wakuu. Naona mjadala umejikita kwenye uzito wa juu, nami ningependa tukumbuke kwamba kanuni zenyewe zilikuwa zikibadilika, na gemu nzuri ingeweza kumpa mchezaji kanuni za enzi mbalimbali.

Mfano mzuri ni mashindano ya kilo 70, K-1 MAX. Mwaka 2004 Buakaw Por Pramuk wa Thailand alitwaa taji kwa kumshinda Masato wa Japani katika fainali. Buakaw alitoka kwenye muay thai, ambako kumkumbatia mpinzani shingoni na kumpiga magoti mfululizo ni sehemu halali ya mchezo, na alikuwa hodari mno katika hilo. Baadaye kanuni za kukumbatiana zikabanwa, magoti ya mfululizo hayakuruhusiwa tena kama awali, na yeye akalazimika kujijenga upya kwa ngumi na mateke. Mwaka 2006 alirudi na kumshinda Andy Souwer wa Uholanzi katika fainali. Huyo ni mtu mmoja aliyeshinda chini ya kanuni mbili tofauti. Fikirieni gemu ambayo ukichagua mwaka 2004 kitufe cha kukumbatia kinakupa magoti, na ukichagua miaka iliyofuata refa anakutenganisha baada ya goti moja. Kitu kidogo kama hicho kingefundisha historia zaidi ya maandishi marefu ya utangulizi.

Kuna pia mwaka 2002. Hoost alipoteza robo fainali kwa Bob Sapp, mtu mkubwa wa ajabu aliyetoka kwenye kandanda ya Kimarekani, lakini Sapp aliumia na hakuweza kuendelea. Hoost akarudishwa kwenye nafasi yake, akamshinda Ray Sefo, kisha akamshinda Jérôme Le Banner wa Ufaransa na kutwaa taji la nne. Mtoano wa kwenye gemu ambao ukishindwa unarudishwa kwenye menyu hauwezi kamwe kutoa usiku kama ule. Lakini kama maumivu yanabebwa, kama alivyosema KonaNyekundu, basi mshindi aliyeharibika anaweza kujitoa na aliyeshindwa akaitwa. Hayo yote yanazaliwa na wazo moja.

#6 KushotoKulia

Wakuu, nimewasoma kwa makini na ninaona tunaomboleza kitu ambacho kwa sehemu kimekwisha kupatikana. Gemu za UFC, yaani za mashindano ya mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka, zinazotengenezwa na kampuni ya EA, zinahesabu maumivu ya kichwa, ya mwili na ya miguu kila moja peke yake, na mtu wako akipigwa sana miguuni anachechemea. Tangu UFC 3 ya mwaka 2018 kuna pia aina ya pambano la kusimama tu, bila mieleka. Ndani yake wamo watu waliotoka kwenye kickboxing ya kulipwa, akiwemo Israel Adesanya, mzaliwa wa Nigeria, na katika matoleo ya karibuni Alex Pereira wa Brazil, ambaye alikuwa bingwa wa uzito 2 kwenye Glory, shirika la kickboxing, na alimshinda Adesanya mara 2 katika kickboxing kabla hawajakutana UFC. Je, hiyo haitoshi?

#7 MuundiWaChuma

Ndugu KushotoKulia, inasaidia, lakini haitoshi, na sababu ziko kwenye vifaa.

Glovu za UFC ni za aunsi 4, vidole viko wazi, na ngumi hupenya katikati ya mikono. Glovu za kickboxing kwa uzito wa juu ni za aunsi 10, na mtu akiziweka pande mbili za uso anakuwa amejenga ukuta. Ndiyo maana katika K-1 ngumi nyingi hupigwa ili kuuvuta au kuusogeza ukuta huo, kisha goti au teke likapita mahali palipoachwa wazi. Ukilicheza pambano la kusimama kwa kanuni za glovu ndogo, ukuta huo haupo, na hesabu yote ya mifuatano hubadilika.

Jambo la pili ni ulingo. Uwanja wa UFC una pembe 8 zilizo pana, na mtu aliyebanwa huteleza pembeni kwa urahisi. Ulingo wa kamba una kona 4 kali. Ukiingizwa kwenye kona na mtu kama Le Banner, njia ya kutoka ni moja, nayo yeye anaijua. Mguu uliochoka ndani ya kona ile ni janga, na hapo ndipo teke la paja linapovuna lilichopanda.

#8 KonaNyekundu

Nashukuru sana MuundiWaChuma, maelezo hayo ya glovu na kona sikuyategemea na yameipa uzito hoja yangu.

Niongeze jambo moja la mwisho kwa upande wa skrini, kwa sababu PadiMkononi alitaja vitufe 4 vya mikono na miguu, na ninakubali kwamba mpangilio huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba teke moja la mguu wa nyuma lina mahali patatu pa kwenda: paja, mbavu na kichwa. Katika mchezo halisi, mateke hayo matatu huanza kwa namna moja, nyonga zikageuka na goti likapanda, na anayejilinda hulazimika kukisia. Glaube Feitosa wa Brazil, aliyefika fainali ya mwaka 2005 na kushindwa na Semmy Schilt, alikuwa maarufu kwa teke linaloanza kama la chini au la katikati, kisha goti likageuka juu na mguu ukashukia shingoni au kichwani wakati mikono ya mpinzani imekwisha kushuka.

Gemu inayokwenda kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde inaweza kulifanya hilo kwa usahihi mkubwa. Fremu 12 za mwanzo, ambazo ni sawa na moja ya tano ya sekunde, ziwe zile zile kwa mateke yote matatu, na mchezaji aamue kwa kijiti mwishoni mwa fremu hizo mguu uende wapi. Jicho la binadamu na kidole chake huhitaji karibu muda huo huo, au zaidi kidogo, ili kuitikia kinachoonekana. Kwa hiyo anayejilinda hawezi kusubiri aone. Lazima asome tabia ya mpinzani wake tangu raundi ya kwanza. Na kama paja lake limekwisha kuumia, atakuwa na hofu ya teke la chini, atalinyanyua goti mapema na kushusha mkono, na hapo teke la Feitosa litamkuta. Maumivu ya mguu yatakuwa yamefungua mlango wa kichwa bila mtengenezaji kuandika kanuni yoyote maalumu.

PadiMkononi, swali lako kuhusu mgeni anayelipia mechi moja bado nalichukulia kwa uzito. Pendekezo langu ni kwamba katika mechi ya watu wawili, dakika moja ya mapumziko kati ya raundi itumike kweli: mchezaji achague kona yake ishughulikie nini, barafu kwenye paja, mafuta juu ya jicho au pumzi. Paja lirudi kwa sehemu, na lisirudi lote. Aliyeumizwa raundi ya kwanza ataanza ya pili akiwa na nafasi, na aliyemwumiza hatapoteza kazi aliyoifanya. Ningependa kusikia kutoka kwako, kama mtu wa kibandani, ni kiasi gani cha kupona ambacho wachezaji wako wangekiona ni cha haki.

#9 PadiMkononi

Mkuu, hilo la kona linazungumzika. Kwa uzoefu wangu, mchezaji wa kibandani anakubali kupoteza ikiwa anajua alikosea wapi, na hukasirika pale anapoona mtu wake amekuwa mzito bila kujua sababu. Kwa hiyo ningesema paja lirudi nusu likipewa barafu, na robo lisipopewa, na katika mapumziko hayo mchezaji aonyeshwe wazi lile paja jinsi lilivyo jekundu, na mateke aliyoyakinga na aliyoyapokea. Akiona amepokea mateke 9 na kukinga 1, raundi ya pili atanyanyua goti. Mpinzani wake naye atakuwa ameiona skrini ile ile, na atajua kwamba sasa ndio wakati wa kupiga juu.